Filta ya hewa ya pikapu: ilikotoka, na namna ya kuinunua Kariakoo bila kujuta



Leo naomba tuweke pembeni mbolea na viwavijeshi, tuzungumze kuhusu gari. Wengi wenu miaka hii mmenunua pikapu za dizeli, wengine mmoja mmoja, wengine kwa kuchanga kwenye kikundi, na kuanzia mavuno hadi mvua zinaporudi gari hizo hazilali. Mahindi, alizeti, vitunguu, kuku, kila kitu kinashuka Dar es Salaam. Mzigo ukishashushwa, mnapita Kariakoo kununua spea kabla ya kurudi. Na spea inayonunuliwa kwa haraka kuliko zote, kwa sababu inaonekana ni karatasi tu, ni filta ya hewa, ile ambayo mafundi wanaiita ea klina.

Msimu uliopita kikundi kimoja cha wanunuzi wa mahindi ninachokifahamu vizuri kilishusha injini ya Hilux yao kabla hawajamaliza hata nusu ya mkopo. Gari lilikuwa linakula oili, linatoa moshi, mlimani halivuti. Fundi alipofungua alikuta ringi zimelika, silinda zina mikwaruzo ya wima, na ndani ya bomba la hewa, upande ule ambao hewa imeshapita kwenye filta, kuna vumbi jekundu laini kama unga wa ulezi. Filta yenyewe ilikuwa mpya, haina hata miezi mitatu, na boksi lake zuri lenye jina kubwa bado lilikuwa nyuma ya kiti. Wanachama wawili wameuza ng'ombe kulipia injini hiyo, na kikundi sasa kinasalimiana kwa shida.

Kwa hiyo nimeamua kuandika, na nitaanzia mbali kidogo. Ukijua kitu kimetoka wapi na kiliwekwa kwa sababu gani, ni vigumu mtu kukuuzia mfano wake.

Jina lenyewe la Kariakoo ni habari ya usafirishaji. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walianza kujenga hapo jengo la soko. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao, na midomo yetu ikalitamka Kariakoo. Wapagazi wale walibeba risasi, unga na dawa kichwani kwa mamia ya maili, kwa sababu magari yalikuwa machache na yalikufa njiani kwa tope na vumbi, na farasi na ng'ombe waliuawa na ndorobo. Makumi ya maelfu ya watu hao walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari pale katikati ya jiji, iliyozinduliwa 1927, iliwekwa kwa ajili yao pia, ingawa wengi wetu tunamwona askari tu. Basi unaposimama Mtaa wa Msimbazi ukiuliza bei ya filta, umesimama mahali palipopewa jina na watu waliofanya kazi ambayo pikapu yako inafanya leo.

Wakati vita hivyo vikiendelea huku kwetu, huko Marekani mtu mmoja aliyeitwa Frank Donaldson alikuwa akiuza matrekta. Mkulima mmoja alimlalamikia kwamba trekta alilouziwa linakufa mapema mno shambani kwake. Donaldson alitazama akaona tatizo ni vumbi: injini ilikuwa inavuta hewa ya shambani moja kwa moja bila kizuizi. Akamtengenezea chujio rahisi la kuweka mdomoni mwa bomba la hewa. Mwaka 1915 ikaanzishwa kampuni yenye jina lake, ambayo mpaka leo inatengeneza filta, na bidhaa zake utazikuta Kariakoo na kwenye malori yanayopita Morogoro. Napenda sana habari hii kwa sababu kitu hiki tunachokiona cha mjini kilianza kwa malalamiko ya mkulima.

Mfano wa kwetu ni Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapo Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Mitambo ilishushwa bandari ya Dar es Salaam, mingi ikiwa mitumba iliyobaki jeshini baada ya vita, ikapandishwa treni ya reli ya kati. Udongo wa Kongwa ukiwa mkavu unakuwa mgumu kama saruji na una chembe kali za mchanga. Ulisaga majembe ya trekta, na matrekta mengi yakakaa chini ndani ya muda mfupi. Vumbi halikuwa sababu pekee. Mipango ilikuwa mibovu, mvua hazikutosha, spea hazikuwapo, madereva hawakufundishwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na fedha zilizopotea zilikuwa makumi ya mamilioni ya pauni. Leo kwenye wilaya hiyohiyo ya Kongwa lipo soko la mahindi la Kibaigwa, na pikapu zenu zinavuta vumbi lilelile.

Sasa tuingie ndani ya injini kidogo. Ili kuchoma lita moja ya dizeli, injini inahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa. Ukitumia lita 60 kwenda na kurudi, umevuta hewa ya kujaza maghala kadhaa. Vumbi la barabara zetu lina mchanga, na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe unazoweza kuziona kwa macho siyo adui mkubwa, kwani hizo hata filta mbovu inazizuia. Zinazoua ni zile ndogo kuliko unene wa unywele, zinazoingia katikati ya ringi na ukuta wa silinda na kusaga kama msasa kila pistoni inapopanda na kushuka.

Magari ya zamani, kama Land Rover zile za serikali na matrekta ya Massey Ferguson 135, yalikuwa na filta ya bakuli la oili. Hewa inapigwa juu ya oili, vumbi linanasa, hewa inapanda kupitia wavu wa waya uliolowa. Uzuri wake ni kwamba haikuhitaji duka. Unafungua bakuli, unamwaga tope, unasafisha kwa dizeli, unaweka oili mpya hadi kwenye mstari. Kazi ya nusu saa chini ya mwembe. Ubaya wake ni kwamba haikuchuja vizuri chembe ndogo, hasa injini ikiwa inazunguka taratibu. Injini zile ziliweza kuvumilia kwa sababu zilikuwa nzito, za kasi ndogo, na hazikuwa na tabo.

Filta ya karatasi iliyokunjwakunjwa ilipokuja ilichuja vizuri zaidi, na kadiri inavyotumika kidogo ndivyo inavyochuja vizuri, kwa sababu vumbi la kwanza linasaidia kuzuia la pili, mpaka inapoziba. Lakini ilileta sharti moja ambalo bakuli la oili halikuwa nalo: lazima uende dukani.

Na maduka yetu kwa miaka mingi yalikuwa matupu. Wenye umri wangu na kuzidi mnakumbuka. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 uagizaji wa bidhaa uliingia mikononi mwa mashirika ya umma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni zikaadimika, ikaja vita vya Kagera, mafuta yakapanda bei duniani. Soko jipya la Kariakoo, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli kwa mapaa yale ya mfano wa miavuli inayokusanya maji ya mvua, lilifunguliwa Desemba 1975, likakuta nchi inaelekea kwenye dhiki. Mwaka 1983 ukawa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Katika hali hiyo filta ya karatasi ilikuwa dhahabu. Mafundi waliikung'uta kwenye tairi, waliipuliza kwa kompresa, waliiosha kwa sabuni ya unga na kuianika, na ikichanika waliweka kipande cha sponji la godoro. Siwacheki. Walikuwa wanaokoa magari kwa walichokuwa nacho.

Tatizo ni kwamba dhiki iliisha, mazoea yakabaki. Fundi mzee alimfundisha kijana, kijana akamfundisha mwingine, na leo ukipeleka pikapu ya mwaka 2016 gereji, jambo la kwanza kijana anafanya ni kuchukua bomba la kompresa na kupiga filta kwa nguvu zote. Karatasi inapanuka matundu, au inachanika pembeni ya gundi mahali ambapo huoni. Unaondoka ukiona filta nyeupe na safi, kumbe sasa ni ungo.

Mlango wa bidhaa ulifunguliwa 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Enzi ya Mzee Mwinyi ikaupanua mlango huo. Magari ya mtumba ya Japani yakamiminika miaka ya 1990, wafanyabiashara wa Kariakoo wakaanza safari za Dubai, na baada ya mwaka 2000 safari za Guangzhou. Vyumba vya nyumba za Uswahilini za Gerezani na Shaurimoyo vikageuka maduka ya spea, kisha nyumba zenyewe zikavunjwa zikapanda maghorofa. Leo mtaani hapo unaweza kupata filta ya karibu gari lolote linalotembea Afrika Mashariki, na mizigo inaendelea hadi Lubumbashi na Lusaka.

Mfanyabiashara aliyefika kiwandani aliulizwa swali moja: unataka ya bei gani? Tusiwatupie wao lawama zote, kwa sababu na sisi tukifika dukani tunasema "nipe ya bei ya chini". Kiwanda kikajibu. Karatasi ikapungua uzito, mikunjo ikapungua idadi, mpira wa pembeni ukawa mgumu, na boksi likachapwa jina la kampuni nyingine. Filta feki haizaliwi Kariakoo, lakini hapo ndipo inapokutana na haraka yako.

Haraka hiyo hata mimi imeniponza. Mwaka mmoja nilishuka Kariakoo jioni, winga akanishika mkono njiani, "karibu bosi, unatafuta nini", akanipeleka duka ambalo mpaka leo siwezi kulikumbuka lilipo. Nikanunua filta kwa chini ya theluthi ya bei niliyozoea na nikajipongeza. Nilipofika nyumbani nikagundua ukingo wake ni mwembamba, kifuniko cha boksi la hewa kikifungwa filta inacheza. Sikuchukua risiti. Niliitupa, na nauli ya kurudi ingekuwa kubwa kuliko filta.

Gari lako la sasa halivumilii kosa hilo kama Hilux za zamani za injini 2L na 3L. Hilux za kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zile tunazoziita Vigo zenye injini za familia ya KD, na zilizofuata mwaka 2015 zenye injini za GD, zina tabo na zina pampu ya msukumo mkubwa inayoendeshwa kwa kompyuta. Ford Ranger, Isuzu D-Max, Nissan Navara na Mitsubishi L200 za miaka hiyo ni vilevile. Feni ya tabo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kila chembe inayopita inaichapa kama risasi. Nyuma tu ya boksi la filta kuna sensa ndogo inayopima hewa. Ikipata vumbi inadanganya kompyuta, dizeli inapimwa vibaya, moshi mweusi unatoka, nawe unaambiwa nozeli zimekufa. Kabla hujakubali kubadilisha nozeli, mwambie fundi afungue boksi la hewa kwanza.

Haya, tufike dukani.

Nenda na filta ya zamani, usitegemee maneno. Ipige picha kadi ya gari mahali penye namba ya chesisi na ya injini, kwa sababu Hilux mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na filta tofauti. Soma namba iliyochapwa kwenye filta. Kwa Toyota, filta ya hewa namba yake inaanza na 17801. Kwa Vigo nyingi za dizeli utakuta 17801-0C010, na kwa Revo 17801-0L040. Kwa Nissan inaanza na 16546. Ukipewa Toyota inayoanza na 90915, hiyo ni filta ya oili, muuzaji amechanganya au anakujaribu.

Weka ya zamani na mpya juu ya kaunta, moja juu ya nyingine. Urefu na upana watu wengi wanapima. Unene wa ukingo ndio wanaosahau, na ukingo ndio unaozuia vumbi kupita pembeni. Bonyeza mpira kwa kidole gumba. Mzuri unabonyea na kurudi taratibu, mbaya ni mgumu kama ndala kuukuu au unabaki na alama. Hesabu mikunjo. Ya kiwandani ikiwa na mikunjo 60 na hii ina 45, umepunguziwa robo ya karatasi, haijalishi boksi linasemaje. Mikunjo iwe imesimama sawa, isiegemeane, na gundi iwe imejaa bila kuruka mahali.

Kisha washa tochi ya simu, iweke upande mmoja, tazama upande wa pili. Mwanga hafifu uliosambaa ni sawa. Ukiona vinukta vya mwanga mkali, hasa pembezoni, rudisha. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakasirika ukifanya hivi, na akikasirika umepata jibu lako.

Siyo lazima ununue ya kampuni iliyotengeneza gari. Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa na neno orijino. Ziko kampuni za filta zinazouza kwa jina lao wenyewe, kama Donaldson, MANN ya Ujerumani, Sakura ya Indonesia. Filta inayobeba jina lake ni ya bei nafuu kihalali. Feki ni ile inayobeba jina la mwingine. Kama mfuko hauruhusu ya kampuni ya gari, mimi ningenunua hizi kuliko "Toyota" ya bei ya maandazi. Ila nazo zinaigwa, kwa hiyo tochi na kidole gumba vinabaki palepale. Boksi pekee lisikushawishi. Maboksi matupu ya filta halali yana wanunuzi wake. Ukimaliza kufunga filta mpya, chana boksi la zamani kabla ya kulitupa.

Zile filta nyekundu za pamba zinazopakwa mafuta, zinazosifiwa kwamba zinaoshwa na kutumika maisha, achana nazo. Zilipendwa na watu wa mashindano wanaotaka hewa nyingi. Wewe unataka hewa safi, na mafuta yake yakizidi yanachafua ile sensa.

Dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la duka. Bila hiyo huna pa kuanzia. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu mwaka 1963, na wanaoisimamia leo ni Tume ya Ushindani, FCC, wenye mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Masuala ya ubora yanaangukia TBS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Malalamiko ya mtu mmoja mwenye risiti na filta mkononi yana uzito kuliko kelele za kikundi kizima kisicho na karatasi.

Kuhusu kusafisha: kitabu cha gari kina ratiba mbili, ya lami na ya vumbi. Wewe ni wa vumbi. Katikati ya muda huo unaweza kuikung'uta kwa mkono taratibu, na ukilazimika kutumia upepo, upite kutoka upande msafi kwenda upande mchafu, msukumo usizidi bar 2, na bomba lisikaribie karatasi. Usioshe. Kama gari lako lina filta mbili, moja ndani ya nyingine, ile ya ndani haisafishwi kabisa, inabadilishwa. Angalia pia kimpira kilichoning'inia chini ya boksi la hewa kwenye baadhi ya magari, chenye mdomo kama wa bata. Kinatoa vumbi na maji. Kikikatika vijana wanaziba kwa kitambaa au wanaacha wazi. Tafuta kingine.

Na boksi likifunguliwa, tazama vibano vyote vimerudi. Nimeona gari lenye filta halali kabisa likifa kwa sababu kibano kimoja kilivunjika kikafungwa waya upande mmoja tu.

Ukifika nyumbani usisahau. Baada ya safari mbili tatu za vumbi, zima injini ipoe, legeza bomba linalotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye tabo, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe ufute ndani. Kikitoka cheupe, funga uendelee na kazi. Kikitoka chekundu, usipakie gunia hata moja. Toa filta, chukua risiti, na kama duka ni mbali mtumie muuzaji picha ya kitambaa hicho siku hiyohiyo, gari likiwa bado limeegeshwa.